Maji Niliyommwagia Twiga

Mwanangu Saumu,

Kuna jambo nimekuficha tangu ukiwa mtoto, na kwa kuwa nililificha vizuri, sasa unaeneza uongo wangu bila kujua. Yule twiga aliyechorwa mwambani hakuharibiwa na pombe ya matambiko. Bibi Mwasiti na wanawake wenzake hawakumfanya kitu. Aliharibiwa na maji, na maji yale nilikuwa nikiyabeba mimi.

Nimelitanguliza kwa sababu siiamini tena pumzi yangu. Nikianza na salamu na wosia, huenda nikaishia hapo, na nitakuwa nimekudanganya kwa mara nyingine. Wewe na mama yako mmekwenda sokoni kutafuta begi la safari. Nimekaa barazani hapa Ipagala, miguu juu ya stuli kama daktari alivyoagiza, kikombe changu cha maji pembeni. Unajua nimepimiwa maji siku hizi. Moyo umechoka kuyasukuma, yanashukia miguuni. Nakunywa funda, naweka chini, nakitazama kikombe.

Sitakuambia habari za kula vizuri, wala kuangalia mkoba wako stendi. Mama yako ameyasema hayo tangu juzi mpaka jirani ameyakariri. Mimi nataka kukusimulia nilivyokuwa.

Ulikuwa mdogo nilipostaafu ualimu, kwa hiyo unanijua zaidi kama mwongoza watalii. Kabla ya hapo nilifundisha historia miaka mingi kwa wanafunzi waliokuwa wakisinzia. Niliporudi kwetu Kondoa nikapata kazi ya kuwapandisha wageni milimani kwenye michoro ya miambani, nilifurahi kuliko siku niliyoajiriwa. Nilijiona nimepata darasa ambalo wanafunzi wake wametoka mbali kuja kusikiliza.

Wageni wa mwanzo walikuwa wachache na wazito wa kuondoka. Namkumbuka mama mmoja mzee wa Kizungu, alipanda na kiti cha kukunja na penseli. Alikaa mbele ya twiga tangu asubuhi mpaka kivuli cha mwamba kikahama. Akichora, akifuta, akichora. Baadaye akaniita kunionyesha kwamba chini ya tumbo la twiga kuna watu wadogo, wembamba kama njiti, wamejipanga. Nilikuwa nimepita hapo siku zote sijawaona. Alipiga picha moja tu, kwa sababu filamu ilikuwa inakwisha na safari yake ilikuwa bado ndefu.

Twiga mwenyewe alikuwa amefifia hata siku zile. Waliomchora kwa udongo mwekundu hatuwajui, walikuwepo kabla ya babu zetu kufika. Walimgeuza shingo akatazama nyuma, kama mtu aliyeitwa jina njiani. Ukifika na jua machoni humwoni. Ilibidi usimame, unyamaze, macho yazoee. Nilipenda kuwaambia wageni, "Msimtafute. Subirini, atakuja mwenyewe." Na alikuwa anakuja. Kwanza shingo, halafu mgongo, mwisho kabisa kile kichwa kilichogeuka. Mgeni alikuwa akishusha pumzi, nami nilikuwa nikiisikia.

Kisha zikaja simu. Siwezi kukuambia zilianza lini. Niliona tu kwamba wageni wameanza kumpa twiga mgongo. Zamani walisimama wakimtazama; sasa walisimama wakinitazama mimi, twiga nyuma yao, nami nimeshika simu zao. Wengi walikuja na picha tayari waliyoiona mtandaoni. "Mzee, tunataka hii." Hawakuuliza nani alichora wala kwa nini. Waliuliza aliyepiga picha hii alisimama wapi, na wakifika pale waliweka miguu yao palepale, mpaka majani yakaisha kwenye lile eneo, ukabaki udongo mtupu wa upana wa mkeka.

Wala hawakuwa Wazungu tu. Mwisho wa wiki walitoka Dodoma mjini vijana wa chuo na watu wa maofisini, na hao niliwaelewa kila neno.

"Shikamoo Mzee. Tupige moja tunatembea, kama hatujui tunapigwa."

"Marahaba. Mnatembea kwenda wapi sasa? Mbele ni mwamba."

"Wewe piga tu Mzee wetu, hapo penye mwamba tutapaondoa kwenye picha."

Dada mmoja alibadilisha nguo na kubadilisha tena nyuma ya jiwe, pimbi wakimchungulia. Mwingine simu ilimzimikia tukiwa tunapanda, akakaa chini akalia. Nikamwambia, simama mjukuu wangu, tumebakiza kidogo, twiga yupo. Akanitazama kama niliyepungukiwa na akili. "Sasa nipande kufanya nini, Babu?" Nilimsimulia mama yako jioni ile, tukacheka mpaka chai ikapoa. Leo sicheki, maana nilikuwa nimeshaanza kuwa kama yeye. Mgeni aliyeshuka bila kupiga picha nilimwona kama hakupanda.

Mwanzoni waliniambia, "Mzee, sogea kidogo, unaingia." Baadaye wakataka niingie, ila si hivi nilivyo. Kijana mmoja aliniomba nivue koti, nijitande shuka, nishike fimbo. "Na miwani, Mzee. Miwani inaharibu." Nikaivua. Picha ile ilizunguka sana: mzee wa porini na michoro ya mababu zake. Mzee wa porini alikuwa amesahihisha mitihani ya kidato cha nne, na bila miwani hakuwa akimwona hata huyo twiga aliyekuwa akimnyooshea kidole.

Maji yalikuja kiangazi kimoja kibaya, vumbi limekaa juu ya kila kitu. Gari moja la wageni lilifika mchana, wamechoka, wana picha kwenye simu. Kwenye picha twiga alikuwa mwekundu kama pilipili. Nadhani aliyeiweka mtandaoni alikuwa ameikoleza rangi. Wakatazama simu, wakatazama mwamba.

"Siye huyu," akasema mmoja.

"Ndiye," nikamwambia.

"Huyu amekufa, Mzee. Wa kwenye picha yuko hai."

Niliona uso wake, Saumu. Si hasira. Ni mtu aliyejisikia ameibiwa, na aliyemwibia ni mimi. Ningeweza kumwambia subiri, atakuja mwenyewe. Lakini nilijua njia ya mkato, kila mtoto aliyechunga mbuzi vilima vile anaijua: ukiurushia mwamba maji, rangi zinaamka. Utotoni tulifanya hivyo mara moja kwa vibuyu vyetu, na aliyetukamata ni Bibi Mwasiti, wakati huo mwanamwali anayetoka kuokota kuni. Alitutandika kwa fimbo ileile tuliyochungia. Mimi akanishika sikio akaniambia, "Usimwamshe. Ukimwamsha kila siku atahama." Yeye alikuwa wa ukoo wa wanawake wanaopanda kule kuomba mvua, na kwao twiga yule alikuwa amelala, basi.

Nikachukua chupa ya maji ya kunywa ya mgeni, nikamimina kiganjani, nikarusha. Twiga akaamka. Akawa mwekundu kama shamba lililolimwa leo. Wakapiga kelele, wakakumbatiana, wakanikumbatia na mimi. Jioni wakaandika mtandaoni: mkifika huko, muulizeni Mwalimu Ramadhani, anajua siri ya twiga. Wewe ndiye uliyenisomea kwenye simu ya jirani, umekaa mkekani na sare ya shule. "Baba, kuna mtu yuko mbali huko anasema wewe ndiye bora." Nilikuambia usome tena.

Pale chini langoni pana kibao cha kukataza kugusa michoro na kuimwagia maji. Maneno yake ya Kiswahili niliyatunga mimi, na nilijivunia ufasaha wake. Nikawa napita mbele ya kibao changu na chupa kwenye mfuko wa koti. Baadaye nikanunua ile ya kunyunyizia wanayotumia vinyozi, maana inatawanya maji sawasawa. Na nilijua ninachofanya. Tulifundishwa: mwamba ukinyweshwa na kukauka, ukinyweshwa na kukauka, chumvi iliyomo ndani inapanda juu, inaganda, inabandua rangi. Nilikuwa nikiwaeleza wageni habari hiyo huku nikisubiri waandae simu.

Ukungu mweupe ulianzia chini. Wale watu wembamba kama njiti ndio waliotangulia kutoweka, na hakuna mgeni aliyewaulizia, kwa sababu kwenye picha ya mtandaoni hawaonekani. Kisha miguu. Kisha kichwa. Kichwa nitakirudia, nipe muda.

Nimepumzika kidogo. Nimesikia pikipiki nikadhani ni ninyi, kumbe ni ya jirani.

Twiga alipobaki shingo na mgongo, walikuja wakubwa wanaosimamia michoro kutoka mbali, tukakutana kwenye darasa la shule ya msingi, wazee tumebanwa kwenye madawati ya watoto. Afisa mmoja kijana, mpole, akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye unayepanda kila siku. Kule juu kinamwagwa nini?"

Nikasema, "Wanawake huwa wanapanda na pombe ya uwele kabla ya mvua."

Ni hayo tu. Kila neno lilikuwa la kweli, na nilijua watakavyolisikia. Nyuma kabisa Bibi Mwasiti akasimama, ameshika ukuta. "Sisi tunamwaga chini, miguuni pa mwamba. Ukutani hatumwagi. Mwalimu anajua." Darasa zima likanigeukia. Nikavua miwani, nikaanza kuifuta. Niliifuta mpaka mtu mwingine akaanza kuzungumza.

Wakaweka uzio, wakakataza matambiko. Wengine msikitini walinipa mkono, wakidhani nimeikomesha shirki kwa hekima. Nikaupokea na mkono huo. Haukupita muda nikaacha kazi, nikasema ni magoti, tukahamia huku Dodoma karibu na hospitali. Magoti yangu hayakuwa na tatizo lolote wakati ule, Saumu. Yameanza kuuma baadaye, labda kwa kusingiziwa.

Haya yote ningeweza kufa nayo. Nilikuwa nimeshajiandaa kufa nayo. Ila mwaka jana uliweka kwenye ukurasa wako ile picha yako ya utotoni, umesimama mbele ya twiga, meno ya mbele hayapo, na chini yake ukaandika kwamba twiga huyu leo hayupo kwa sababu ya ujinga na ushirikina wa watu wetu wenyewe. Ulinisomea ukiwa umekaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Ukanisomea na waliyochangia watu. Mmoja aliandika, "Vibibi vya kijijini bwana, vichawi tu." Mwingine akaweka vile vikatuni vya kucheka. Ukaniuliza, "Nimeandika sawa, Baba?" Nikakujibu, "Umeandika vizuri."

Na ni andiko hilo hilo walilolipenda hao wenye kampuni ya utalii ya Arusha wakakuita kazini. Mtoto wa mwongoza watalii, anayejua kupiga picha na kusimulia. Kesho unakwenda kuwaonyesha wageni mahali pazuri pa kusimama. Sikulaumu, na wageni siwalaumu sana pia. Mtu aliyetoka mbali anataka kurudi na kitu. Ninachokuambia ni kile kilichonipata. Mgeni anapopiga kelele za furaha na wewe ndiye uliyemfurahisha, ni kitamu, na kinalevya kuliko pombe yoyote ya Bibi Mwasiti. Siku ya kwanza unampa alichokiomba. Baada ya muda unampa kabla hajaomba. Mimi sikuona nilipovuka kutoka hapa kwenda pale.

Unakumbuka kabla sijalazwa nilisema nakwenda Kondoa mazikoni? Hakukuwa na msiba. Nilikwenda kwa Bibi Mwasiti. Kijiji chao kiko kandokando ya lami, basi linakushusha mlangoni. Nilimkuta anapepeta uwele, mgongo umepinda, macho yamefifia. Alinitambua kwa kikohozi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba Mwalimu wangu. Umekuja kunikagua kama nimekufa?"

"Nimekuja kukusalimia."

"Basi bado. Kaa hapo, usikalie ungo."

Akanipa uji. Tukazungumza habari za mvua, za wajukuu zake walioko Chemba kwenye biashara ya mbuzi, za miguu yangu iliyoanza kuvimba. Nilikuwa natafuta mahali pa kuingilia. Nikamuuliza siku hizi wanaombea wapi.

"Hapa hapa mlangoni," akasema. "Namwaga, wanakunywa kuku." Akacheka na ufizi. Kisha akapepeta, akasema bila kunitazama, "Mama yangu alikanyaga pale. Bibi yangu alikanyaga pale. Mimi ndiye niliyefungiwa lango. Nikifa nitawaambia nini?"

Mlango wa maneno ulikuwa wazi, mwanangu. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo.

"Na twiga," akaniuliza, "mmempatia dawa?"

Nikasema, "Wataalamu wanashughulikia, Bibi."

"Haya. Wasomi hamkosi la kufanya."

Akanifungia karanga kwenye kitambaa nikuletee. Ulizila zote siku ile, ukasema karanga za Kondoa ni tamu kuliko za hapa. Nilikutazama ukila.

Basi lako kesho litapita barabara ile ile. Sikuombi ushuke. Kushuka ilikuwa kazi yangu, nami nilishuka nikarudi mikono mitupu. Ila barua hii nimeiandika kwa maneno mepesi makusudi, mtu anaweza kuigeuza kwa Kirangi cha kwetu akiwa anasoma, na wewe Kirangi unacho. Ukimsomea Bibi Mwasiti, msomee na sehemu ya darasani, nilivyofuta miwani. Asipate kudhani nilisahau. Na hao waliocheka kwenye ukurasa wako wanangoja neno kutoka kwako, ingawa hawajui. Wakubwa wa michoro nimewaandikia barua yao leo asubuhi, fupi, iko chini ya Kurani yangu. Mkirudi sokoni nitampa mama yako aipeleke. Nimeisaini.

Ukikasirika, kasirika. Nimechoka, Saumu, lakini si kiasi cha kushindwa kusikia ukinikasirikia. Piga simu hata ukiwa njiani.

Sasa kile kichwa.

Nimekuandikia mpaka hapa kama vile walionifikisha kule ni wageni na simu zao, na ni kweli kwamba kwa miguu na tumbo tulishirikiana. Lakini kichwa kilikuwa bado kizima msimu ule. Ukungu haukuwa umekifikia, kwa sababu huko juu nilikuwa sinyunyizii. Nilikuwa nimejiwekea mpaka wa shingoni, nikiona ndiyo uaminifu wangu. Ilikuwa likizo ya shule. Nilikuwa nimepewa simu yenye kamera na mgeni mmoja, simu yangu ya kwanza ya namna ile, na nimewapiga picha watoto wa watu miaka yote bila kuwa na hata moja ya mwanangu. Tukapanda mimi na wewe peke yetu. Ulibeba kidumu cha maji ya kunywa, ukikibadilisha mkono huu na huu, hukutaka nikusaidie.

Nikakusimamisha palepale wanaposimama. Nikatazama kwenye kioo cha simu. Wewe ulionekana, twiga hakuonekana. Ningeweza kukuambia tusubiri. Ulikuwa mtoto wa kusubiri, usingelalamika. Nikachukua kidumu nikammwagia chote, kuanzia juu ya kichwa, maji yakitiririka mpaka miguuni, nikakisugua na kiganja changu ili vumbi litoke. Ukaniuliza, "Baba, twiga anaoga?" Nikakujibu, "Ndiyo, anaoga. Cheka." Ukacheka, nikapiga. Tulipokaa kunywa maji tukakuta hakuna kilichobaki, tukashuka na kiu. Kesho yake nilipanda na wageni, mwamba umekauka, na kichwa hakipo. Kiganja changu nilikuwa nimekiona chekundu jana yake, nikanawa tulipofika nyumbani.

Picha hiyo unayotembea nayo, iliyokupatia kazi, ndiyo ya mwisho aliyopigwa twiga akiwa na kichwa, na siku ile hakuwepo mtalii hata mmoja wa kuniomba.

Baba yako.